Usimpe kijana namba yako ya simu (mimi nilimpa)

Nilipoanza mafunzo ya unasihi (ushauri nasaha) nilijiona mimi ndo mkombozi, nisiwafiche. Wiki ya tatu ya mazoezi ya vitendo nikakabidhiwa kijana wa miaka 16 (mambo kadhaa kumhusu nimebadilisha makusudi), mzazi mmoja kafariki, mwingine yupo ila ni kama hayupo, shule kaacha. Kikao cha kwanza alikaa anavuta uzi uliochomoka kwenye mkono wa sweta, anauzungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole inapauka, anauachia, anaanza upya. Mimi nikaongea. Jamani niliongea! Tunaagana nikampa namba yangu, nikamwambia nitafute muda wowote.

Akanitafuta kweli. Saa sita usiku, saa nane, saa kumi, nalala simu chini ya mto, meseji ikiingia nashtuka kama nimemwagiwa maji, asubuhi darasani macho mekundu na bado msimamizi akiniuliza hali najibu niko poa kabisa. Siku moja usingizi ukanizidi, kuamka nakuta meseji tano, ya mwisho imeandikwa "sawa" basi. Vikao viwili hakutokea.

Msimamizi hakunigombeza. Alichukua notsi zangu akazisoma kwa sauti halafu akauliza, "Sasa hapa kijana mwenyewe yuko wapi?" Nikaangalia, ukurasa mzima ni mimi natoa ushauri, yeye ana mistari mitatu. Masikio yaliniwaka moto.

Darasani tulishasoma ule utafiti wa wanasaikolojia Emmy Werner na Ruth Smith, walifuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955 kisiwani Kauai, Hawaii, miaka na miaka. Kati ya waliokulia kwenye hatari nyingi kwa pamoja, umaskini, ugomvi nyumbani, mzazi mwenye ugonjwa wa akili, karibu thuluthi moja walikuja kuwa watu wazima wanaojiweza na wanaojali wenzao. Kilichojirudia kwao ni kuwa na walau mtu mzima mmoja wa kutegemea, na wala si lazima mtaalamu, ni bibi, mwalimu, jirani. Mimi nikaelewa kichwa chini miguu juu, nikadhani huyo mtu ni mimi, saa 24. Kumbe mwanafunzi atakayeondoka baada ya miezi michache ndo wa mwisho kabisa kujibebesha nafasi hiyo.

Kwa hiyo wewe unayeanza, mpe kitu unachoweza kukitimiza: siku ileile, saa ileile, kiti kilekile, dakika 50. Mtoto aliyezoea kuona watu wazima wanayeyuka, kukukuta ulipomwambia utakuwepo ni jambo kubwa kuliko hotuba zako. Halafu mtafute pamoja nani mwingine yupo. Wa kwangu aliporudi nilimuomba msamaha bila kujitetea, tukachora duara la watu wanaomzunguka, yeye katikati. Akasema hamna mtu. Tukakaa kimya kirefu, mimi nimeng'ata ulimi, mwisho akaandika shangazi, halafu kocha wa timu. Wa kumpigia usiku akawa shangazi, tukaongeza na namba ya huduma ya dharura.

Na akigusia kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpandikizii wazo. Usimuahidi kwamba hilo litabaki siri, lifikishe kwa msimamizi siku hiyohiyo.

Upande wako sasa, hiyo "niko poa" iache. Dalili yangu ya kuzidiwa haikuwa machozi, ilikuwa kufurahi mtu akikosa kuja kwenye kikao, nikajiona nina roho mbaya. Nilipomwambia msimamizi akacheka kidogo, akasema hata yeye yalimkuta, tukapunguza vikao kutoka vinne kwa siku mpaka viwili na hakuna aliyeniona dhaifu. Lile zoezi la kutaja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, nawafundisha vijana na wengi linawatuliza, mimi mwenyewe wala, mimi nanawa mikono kwa maji baridi nashuka ngazi nahesabu.

Kijana bado anakuja. Juzi nimesoma notsi zangu za kikao kilichopita, nusu ukurasa tu, karibu yote maneno yake. Langu liko moja pale katikati, nimeuliza "halafu?"