Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Safari Unayoitaka

Mwanangu,

Unaniuliza kama ni dhambi kuacha kazi uondoke mwaka mzima ukaitafute nafsi yako. Tena umenitolea mfano wa Tolstoy, yule mwandishi wa riwaya wa Urusi: ana mali, ana sifa, lakini alipofika umri wa miaka hamsini hivi akawa anajifichia kamba asije akajinyonga, kwa kuwa haoni maana ya kuishi. Mambo ya dhambi waulize wanaoyajua. Mimi nitakwambia habari ya anayebaki nyumbani.

Sofia, mkewe, hukumtaja. Alimzalia watoto 13, na usiku akawa anamnakilia rasimu zake kwa mkono. Novemba 1910 mzee, ana miaka 82, akatoroka kabla hakujapambazuka. Njiani akashikwa na homa ya mapafu, akalazwa kwa mkuu wa kituo cha reli cha Astapovo. Sofia akamfuata. Hakuruhusiwa kuingia mpaka mumewe yu karibu kukata roho. Ipo picha yake amesimama nje, anachungulia dirishani. Picha hiyo naielewa kuliko maandishi yote ya mumewe.

Unajua ninakokwenda. Ule mwaka baba yako alipokwenda kwenye mafungo yake, bibi yako alikuwa hajiwezi. Siku aliyorudi nilikuwa nimeshika beseni, mashuka yamelowa, wewe unalilia daftari. Akasimama mlangoni, uso umetulia kama maji ya mtungini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mbona una hasira hivyo?" Mpaka leo sijui ni nini kilichonizuia nisimmwagie.

Nasema siku zote: nafsi ya mtu utaiona akiwa amechoka na bado anaitwa. Huko kwenye ukimya, nani asiye mpole? Hata huyo Tolstoy aliandika kwamba imani yenye uhai aliikuta kwa wakulima, watu wa jembe, si kwa wasomi wenzake. Sasa kama alishaiona hapo hapo alipo, alitoroka kwenda wapi?

Lakini niseme haki. Tangu arudi, baba yako hakuwafokea tena mezani. Na usiku wa mwisho wa bibi yako ni yeye aliyemgeuza, akamfuta, akakaa naye mpaka asubuhi ili mimi nilale. Moyo ule aliutoa wapi? Kama ni huko alikokwenda, basi hoja yangu ina tundu. Kama alikuwa nao tangu mwanzo, alifuata nini huko? Nikimuuliza, anacheka tu.

Basi uende au usiende, sikwambii, ingawa ulimi unaniwasha. Ila mkeo mwambie mwenyewe, mchana, mmekaa. Sofia aliachiwa barua. Kisha uniandikie alichokujibu, neno kwa neno, usinipunguzie.

Mama yako