Visanduku 11 kwenye friza

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama shahada ya uzamivu ya sayansi inalipa. Nilitaka kujibu kwa neno moja tu, hailipi, lakini neno hilo halikunitosha. Ni miaka 9 sasa tangu nitetee tasnifu yangu ya kemia ya protini, na kumbe kuna jambo bado limenikwama kooni.

Nianze na fedha ili tumalizane nazo. Unaposoma unaishi kwa posho, na mara nyingi posho haina pensheni. Ukihitimu na kubaki maabara unapewa mkataba wa miaka miwili au mitatu unaotegemea ruzuku ya msimamizi. Ruzuku ikikatika, nawe umekatika. Muda wote huo wenzako walioingia kazini na shahada ya kwanza wanapanda ngazi. Hata ukija kuwazidi mshahara, miaka ile hurudishiwi. Waliozamia takwimu au kuandika programu za kompyuta huchukuliwa haraka na hulipwa vizuri. Sisi tuliobobea kwenye protini hukaa foleni zaidi. Kila aliyepita maabara anayajua haya.

Swali langu ni jingine: nani humwambia mtafiti kwamba kuondoka si aibu?

Katika maabara niliyosomea alikuwapo dada mmoja, mtafiti wa mkataba, miaka 8 baada ya uzamivu wake. Msimamizi alisaini fomu zetu, lakini aliyetufundisha kazi ni yeye. Ndiye aliyenionyesha kwamba pipeti, kifaa cha kunyonya na kupimia vimiminika, ukiiachia kidole ghafla inavuta hewa, na kipimo chako chote kinakuwa uongo. Mkataba wake wa nne ulipoisha, haukuongezwa. Siku yake ya mwisho aliniomba nimsaidie kuondoa vitu vyake kwenye friza kubwa, ile ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Alikuwa na visanduku 11, kila kimoja na nafasi za vichupa 81. Barafu laini kama unga ilifunika vifuniko. Alikuwa akiifuta kwa kidole gumba chenye glovu, anasoma haraka kabla haijaganda tena, kisha anaamua: pipani au kibaki. Niliuona mwandiko wake ukibadilika kutoka kisanduku hadi kisanduku. Vichupa vya mwanzo vilikuwa na tarehe kamili na jina la protini kwa herufi nzuri, hata vifuniko vyake alivichagulia rangi. Vya mwisho vilikuwa na namba tu. Kila baada ya dakika chache kengele ya joto ililia, tukafunga mlango, tukasimama tukisubiri bila kusema kitu, halafu tukaanza upya. Kichupa kimoja alikishika muda mrefu mno. Nikamwambia, "Dada, kinayeyuka." Akajibu, "Najua." Akakirudisha mahali pake.

Ilituchukua saa tatu. Tulipokuwa tunamalizia, msimamizi akapita, akatuambia sisi wanafunzi, dada mwenyewe akiwa amesimama palepale: "Leo tunampoteza mwanasayansi." Alisema kwa sauti ya msibani. Wakati huo dada alikuwa ameshapata kazi kwenye kampuni inayopima maji ya kunywa, na aliniambia kwa kunong'ona kwamba mshahara wake mpya ulikaribia kuwa mara mbili ya ule wa maabara. Hakuna aliyempongeza. Hata mimi sikumpongeza.

Kwa kuogopa kusemwa hivyo, nilikaa maabara miaka 5 baada ya kuhitimu, mikataba miwili. Na takwimu nilikuwa nazijua! Mwaka 2010 Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ilichapisha mchoro wa njia za wahitimu wa uzamivu wa sayansi nchini humo: asilimia 53 walitoka nje ya sayansi mara tu baada ya kuhitimu, na waliofikia uprofesa hawakufika hata mmoja kati ya 200. Kumbe anayeondoka ndiye wa kawaida. Lakini maabara husimulia habari za waliobaki tu, na akitajwa aliyetoka, anatajwa kama onyo. Douglas Prasher aliinakili jeni ya protini ya kijani inayong'aa ya konyeza, yule mnyama laini wa baharini, akawagawia wenzake baada ya kukosa fedha za kuendelea. Mwaka 2008, wawili kati ya hao walipokuwa miongoni mwa washindi wa Nobeli ya kemia kwa protini hiyohiyo, yeye alikuwa dereva wa gari la wateja kwenye duka la magari. Watu husema alishindwa. Mimi nasema walioshindwa ni waliomnyima ruzuku.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwakataza vijana. Sasa naona siwezi. Kazi yangu ya leo ni kupima dawa kabla hazijatoka kiwandani, na inanilipa vya kutosha. Kinachonifanya niiweze ni kile nilichojifunza kwa dada yule: kutoliamini jibu eti kwa kuwa nimelipenda. Sijui shule nyingine ambayo ingenifundisha hivyo. Kwa hiyo mdogo wangu akiniuliza, nitamwambia asome, mradi posho iwe ya uhakika hadi mwaka wa mwisho, na mradi kwanza awapigie simu wanafunzi wa zamani wa msimamizi huyo, hasa walioondoka. Tena apange mapema mwaka wa kutoka, auandike mahali. Akiwa na watu wanaomtegemea kwa kula, nitasita. Na uzamivu wa kujilipia mwenyewe nitamkataza kabisa.

Jana usiku nilimpigia simu dada, nikampa pongezi zilizochelewa miaka 11. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ile friza bado inapiga kelele.