Maswali ya macho: namba ya miwani siyo afya ya jicho

Nilipimwa kwa kompyuta pale Mwanjelwa, nikapata miwani, nasoma vizuri. Nina miaka 46. Kuna haja ya kupima tena? (Uyole)

Ipo. Mashine ile ya kuegemeza kidevu ukatazama picha ya puto inatafuta namba ya miwani, basi. Presha ya jicho haiijui, wala mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho hauoni. Ukishafika 40, usitoke kliniki kabla presha ya jicho haijapimwa na nyuma ya jicho hapajatazamwa. Wakiwa na kamera ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), omba picha ibaki kwenye faili, kwa sababu faida yake kubwa ni kulinganishwa na ya mwakani. Mnaohama kliniki bila kubeba majibu yenu mnatupotezea ushahidi huo. Glakoma, ugonjwa unaoua huo mshipa wa fahamu, kwa kawaida haiumi. Inakula uoni kuanzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. Sisi Waafrika hutushika mapema, na ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo, hiyo 40 usiisubiri.

Presha yangu iko sawa, ya macho nipime ya nini? (Mafinga)

Ni presha mbili tofauti! Swali hili nimeshalijibu mno. Kipimo cha mkononi hakisemi lolote kuhusu jicho.

Mashine ya presha ya jicho inayopuliza upepo inaharibu jicho? (Njombe)

Hapana.

Presha ya jicho ilisoma 18. Niko salama? (Iringa mjini)

Bado hujajua. Kawaida ni 10 hadi 21, lakini glakoma huwapata hata watu wenye namba hizo, na konea (kioo cha mbele ya jicho) ikiwa nyembamba kipimo husoma chini ya ukweli. Ndiyo maana tunapima pia uoni wa pembeni: tunakuketisha ubonyeze kitufe kila unapoona nukta ya mwanga. Penye mashine ya OCT, mwanga wake hupima unene wa tabaka za retina bila sindano wala eksirei.

Nina kisukari lakini naona vizuri. Jirani alinipa matone ya kuondoa wekundu, niendelee nayo? (Tukuyu)

Kisukari huharibu mishipa ya retina wakati bado unaona vizuri, kwa hiyo nyuma ya jicho patazamwe kila mwaka. Hayo matone acha leo, na chupa uje nayo kliniki. Baadhi ya yanayouzwa bila cheti yana deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe: wekundu unaondoka, presha ya jicho inaweza kupanda, na ukizidi kuyatumia unaweza kujiletea mtoto wa jicho.