Kutoka saluni kwenda kliniki ya ngozi: kazi zilizopo na maneno ya kitabibu unayoyahitaji

Umeuliza mambo mawili: aliyesomea urembo wa ngozi anapata kazi gani kliniki, na kama ni lazima akariri kamusi nzima ya maneno ya madaktari kabla ya kuomba nafasi.

La kwanza ni fupi. Wanaoajiri ni kliniki za madaktari wa ngozi, kliniki za upasuaji wa kurekebisha sura, vituo vya leza, na hospitali zinazohudumia walioungua au wanaotibiwa saratani, ambako unatunza ngozi iliyokauka na kufundisha watu kufunika makovu kwa vipodozi. Utasafisha uso, utaambua ngozi kwa asidi nyepesi, utaiandaa kabla ya upasuaji na kuihudumia baadaye. Leza na visindano vya kutobolea ngozi (microneedling) ni pale tu sheria inaporuhusu. Kudunga Botox (dawa ya kulegeza misuli ya uso) au fila (kijazio cha chini ya ngozi), kuandika dawa na kutaja ugonjwa si kazi yako. Neno "kitabibu" kwenye cheo halikuongezei mamlaka yoyote. Mamlaka yanatoka kwenye leseni yako na sheria ya mahali ulipo, kwa hiyo isome kabla hujasaini mkataba.

La pili ndilo la kukaa nalo. Hukariri kamusi, unajifunza kulivunja neno kama ulivyofundishwa shuleni: kiambishi awali, mzizi, kiambishi tamati. Mzizi "demati-" ni ngozi, "-itisi" ni kuvimba na kuwaka, basi dematitisi umeshaielewa. "Epi-" ni juu ya, "sabu-" ni chini ya, "intra-" ni ndani ya, "-oma" mara nyingi ni uvimbe wa seli. Ukiwa na vipande kama 40 hivi unasoma sehemu kubwa ya faili la mgonjwa.

Jozi ya kuichunga sana ni "haipa-" (kupita kiasi) na "haipo-" (pungufu). Haipapigmentesheni ni baka lililokoza, haipopigmentesheni ni baka lililopoteza rangi. Zinatofautiana herufi moja tu. Ukikosea, atakayempokea mteja baada yako anaweza kupaka dawa ya kung'arisha juu ya ngozi ambayo tayari imepauka.

Kisha jifunze majina ya vitu unavyoviona. Makyuli ni doa bapa lisiloinuka, chini ya sentimita 1. Papuli imeinuka na ni ngumu, nayo chini ya sentimita 1. Pastuli ina usaha, vesikuli ina maji, nodyuli ni kubwa na imezama. Komedoni ni kitundu kilichoziba, kikiwa wazi ni cheusi, kikiwa kimefungwa ni cheupe. Badala ya kuandika "chunusi mbaya shavuni", andika hivi: "Shavu la kushoto: papuli 6, pastuli 2, milimita 2 hadi 4, hakuna nodyuli. Mteja anasema zina wiki 3, zinawasha kidogo." Daktari akisoma hapo ana kitu cha kulinganisha mwezi ujao. Tena hujataja ugonjwa wowote: papuli ni unachokiona, rosasea (ugonjwa wa wekundu na vipele usoni) ni uamuzi wa daktari.

Erithema, yaani wekundu, inawaponza wengi kwa sababu picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi huja kama zambarau, kijivu au weusi uliozidi, na pengine haionekani kabisa. Gusa kwa mgongo wa mkono, linganisha na upande wa pili, uliza kama panauma au pana joto. Vilevile kipimo cha Fitzpatrick cha mwaka 1975 si chati ya rangi. Kinauliza ngozi inafanya nini juani: inaungua au inakoza? Aina ya IV hadi VI (zile zinazokoza zaidi ya kuungua) huacha mabaka meusi kirahisi baada ya jeraha lolote, ndiyo maana kwa ngozi hizo leza ya Nd:YAG yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 huchaguliwa kuliko ya Alexandrite ya 755. Melanini, yaani rangi ya ngozi, iliyo juu hunyonya mwanga wa 1064 kidogo kuliko wa 755.

Kwenye historia ya mteja (kwenye faili utaona "Hx", yaani historia, na "NKDA", yaani hana mzio wa dawa unaojulikana), namna ya kuuliza ni nusu ya kazi. Ukiuliza "una malengelenge ya mdomo?" atasema hapana kwa kuwa leo hana. Uliza "umewahi kupata?", maana asidi inaweza kuyaamsha na daktari anaweza kutaka kumpa dawa mapema. Uliza isotretinoini (dawa ya kumeza ya chunusi), hata kama ameshaacha: kliniki nyingi husubiri miezi 6 kabla ya kuambua kwa kina. Uliza tretinoini (dawa ya kupaka) kabla ya kunyoa kwa nta, kwa sababu ngozi inaweza kutoka pamoja na nta. Mzio wa aspirini unakataza asidi ya salisiliki. Na uliza krimu za kujichubua bila kumhukumu, la sivyo atakuficha. Steroidi zilizomo kwenye baadhi ya krimu hizo hukondesha ngozi (atrofi) na kutokeza vimishipa (telanjiektasia), na ngozi hiyo haiguswi kwa asidi.

Wakati wa kuambua, tofautisha weupe wa aina mbili. Asidi ya salisiliki ikikauka huacha unga mweupe: hizo ni fuwele tu, zinafutika. Frosti halisi ni protini ya ngozi iliyoganda, na haifutiki. Ukitumia asidi ya glaikoliki ukaona mabaka ya kijivu-cheupe, usisubiri dakika ziishe. Izimishe papo hapo, suuza kwa maji mengi, mwite msimamizi.

Kuna mawili ya kumwita daktari. Doa jeusi lisilolingana pande zote, lenye kingo za ovyo, rangi mchanganyiko, lililozidi milimita 6 au linalobadilika, mpeleke akaangaliwe. Kwa watu weusi tazama pia nyayo, viganja na chini ya kucha. La pili ni la dakika hiyo hiyo: aliyedungwa fila akirudi ana maumivu yanayozidi na ngozi imepauka au ina michoro kama wavu, huenda mshipa umeziba. Usiweke barafu, usimpe miadi ya kesho. Mwite aliyemdunga sasa hivi, na mwambie sehemu, rangi, saa ilipoanza na aina ya fila iliyotumika.