Maji ya moto ya kinu cha nyuklia: ushauri kwa wanaoanza kazi, kutoka Kigoma

Kila mwaka huja Kigoma vijana kwa mafunzo kwa vitendo ya sayansi ya maji na uvuvi, na miaka ya karibuni nimeanza kukutana miongoni mwao na wachache wanaojiandaa kwenda kusomea uhandisi wa nyuklia, au wanaotarajia siku moja kupitia tathmini ya athari kwa mazingira ya mtambo wa aina hiyo. Kigoma haina kinu cha nyuklia, wala siandiki kwa kutetea au kupinga kijengwe popote. Naandika kwa sababu swali lao la kwanza huwa lilelile, kwamba maji yanayotoka kwenye mtambo huwa na joto kiasi gani, na swali hilo, ingawa ni la haki, humfanya mtu aanzie kwenye bomba wakati kazi yenyewe inaanzia kwenye maji yanayopokea joto.

Hata hivyo hesabu ya bomba mnapaswa kuijua kwa kichwa. Mtambo wa nyuklia wa kawaida hugeuza takribani theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme. Mtambo wa megawati 1,000 za umeme, kwa hiyo, una megawati zipatazo 2,000 za joto lisilo na kazi tena, nalo huondolewa kwenye kondensa, chombo chenye maelfu ya mabomba membamba ambamo mvuke uliokwisha kuzungusha turbini hupozwa ukarudi kuwa maji. Ikiwa maji ya kupozea yanachotwa ziwani au baharini, yakapita mara moja na kurudishwa yakiwa yameongezeka nyuzi joto 10, zitahitajika karibu mita za ujazo 48 kila sekunde. Chukueni kalamu mthibitishe wenyewe, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji huhitaji megajuli 4.2 hivi ili kupanda nyuzi joto moja. Kisha igeuzeni hesabu hiyo: mwekezaji akiahidi kwamba maji yake yataongezeka nyuzi joto 5 tu, joto linaloingia ziwani halijapungua hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa anachota mita za ujazo 96 kwa sekunde, na pamoja nazo anavuta mayai na vifaranga vya samaki wengi zaidi kuliko awali. Ninyi mtakaosoma ripoti hizo, ulizeni kwanza jumla ya joto, ndipo mwulize nyuzi.

Minara ya kupozea hupunguza sana joto linalorudi majini, lakini ina gharama yake: mtambo wa ukubwa huohuo hupoteza zaidi ya nusu mita ya ujazo kila sekunde kwa njia ya mvuke, na maji kidogo yanayobaki hurudishwa yakiwa na chumvi nyingi zaidi. Kwa mahali pasipo ziwa, kama Tabora, ndiyo njia ya kufikiriwa. Mtambo wa Palo Verde, ulioko kwenye jangwa la Arizona nchini Marekani, hupozwa kwa majitaka ya mijini yaliyosafishwa.

Wananchi watawauliza kama maji hayo yana mionzi, na wana haki ya kujibiwa bila kuzungushwa. Maji ya kupozea kondensa hayapiti kwenye kiini cha kinu. Hutenganishwa nacho kwa kuta za mabomba, na katika aina ya vinu iliyoenea zaidi duniani kuna mizunguko mitatu ya maji isiyochanganyika. Isitoshe, upande wa mvuke ndani ya kondensa una shinikizo dogo kuliko upande wa maji ya ziwa, kwa hiyo bomba likitoboka, maji ya ziwa ndiyo yanayoingia ndani. Lakini jibu lisiishie hapo. Mitambo huruhusiwa kutoa kiasi kidogo cha maji yenye mionzi kilichowekewa kikomo, na mara nyingi kiasi hicho huchanganywa na mkondo uleule wa maji ya moto; tena klorini huweza kutumika kuzuia viumbe wasiote ndani ya mabomba. Mwenye kipimajoto peke yake mkononi hajapima yote yatokayo.

Sasa njooni ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na mtu asiyelijua hudhani kwamba maji mengi kiasi hicho yanaweza kumeza joto lolote. Juu, maji yake huwa kati ya nyuzi joto 24 na 28 hivi kufuatana na majira. Chini kabisa ni 23 na kitu. Tofauti ya juu na chini ni nyuzi tatu au nne tu kwa sehemu kubwa ya mwaka, lakini hiyo ndiyo inayoligawa ziwa katika tabaka mbili ambazo hazichanganyiki kwa urahisi. Upande wetu wa kaskazini oksijeni huisha kwenye mita mia moja na kitu, na chini ya hapo hakuna samaki anayeishi. Mwanafunzi anayeteremsha chupa ya sampuli mpaka mita 250 mbele ya ufukwe wa Kibirizi hapa Kigoma, akaivuta kamba taratibu na kufungua kifuniko ndani ya boti, hupokewa na harufu ya mayai viza. Hapo huelewa kwa pua jambo ambalo michoro ya darasani haikumfikishia: sehemu kubwa mno ya ziwa hili haina hewa, na kinachotenganisha sehemu hiyo na dagaa wetu ni tofauti ndogo sana ya joto.

Inakuwaje nyuzi tatu ziwe na nguvu hiyo? Maji ya uvuguvugu hubadili msongamano wake, yaani uzito wake kwa ujazo uleule, upesi kuliko maji ya baridi. Nyuzi joto moja, maji yakiwa karibu na 25, hubadili msongamano zaidi ya mara kumi kuliko nyuzi moja maji yakiwa karibu na 5. Kwa hiyo vitabu mtakavyosoma, ambavyo vingi vimeandikwa kwa kuzingatia mito na maziwa ya nchi za baridi, visomeni kwa heshima lakini msivihamishe kama vilivyo. Mwongozo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1998 ulitaka ongezeko lisizidi nyuzi joto 3 kwenye ukingo wa eneo la kuchanganyikia maji, na pale ambapo eneo hilo halijaainishwa, mita 100 kutoka mahali pa kutolea. Katika Tanganyika nyuzi tatu ni karibu tofauti yote iliyopo baina ya uso wa ziwa na sakafu yake. Kanuni zetu za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 nazo zinaruhusu majitaka yenye joto kati ya nyuzi 20 na 35. Maji ya nyuzi 34 yanayoingia kwenye ghuba yenye nyuzi 26 yatakuwa yamo ndani ya kiwango, na bado samaki wa kwenye miamba ya pwani, ambao baadhi ya aina zao huishi kwenye kipande kifupi tu cha ufukwe na hazipatikani kwingine, hawatakuwa na pa kuhamia. Samaki wa nchi za joto huishi karibu na kikomo cha juu cha joto wanachoweza kukistahimili, na maji yakipanda kutoka 25 hadi 30 uwezo wake wa kushika oksijeni hupungua kwa takribani asilimia nane, wakati huohuo mahitaji ya samaki ya oksijeni yakipanda.

Nawasihi pia msitie chumvi. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba ziwa hili limepata joto, maji yake yanachanganyika kwa shida zaidi, na uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka, na chanzo chake ni mabadiliko ya tabianchi. Kijana akisikia hayo huwa mwepesi kusema kwamba kinu kimoja kingelimaliza ziwa. Fanyeni hesabu tena: megawati 2,000 zikitandazwa juu ya kilomita za mraba zipatazo 32,900 hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya wati kwa mita ya mraba. Zikibanwa ndani ya ghuba ya kilomita 10 za mraba, zinakuwa wati 200 kwa mita ya mraba, karibu sawa na wastani wa nishati ya jua inayoangukia eneo hilo mchana na usiku. Ndiyo maana mahali pa bomba, kina chake, na mwelekeo wa mikondo ni mambo makubwa kuliko ukubwa wa ziwa.

Kuhusu upimaji wenyewe, nina neno moja ambalo natamani lisipotee. Upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na ukilegea, tabaka za ndani ya ziwa hubaki zikiyumba kwa miezi. Myumbo huo huchukua takribani mwezi kwenda na kurudi. Mtu anayepima mara moja kila mwezi anaweza, pasipo kujua, kulikuta wimbi la ndani katika hali ileile kila safari, akaandika kwamba joto la mita 60 halibadilikabadiliki. Siku mtambo ukianza kazi na mpimaji mwingine akaja kwa ratiba tofauti, mabadiliko ya asili yatasomwa kuwa ya mtambo, au ya mtambo yatafichwa ndani ya yale ya asili. Achieni vipimajoto vinavyojirekodi kwenye kamba, kwa vina mbalimbali, mwaka mzima au zaidi, kabla ya jiwe la msingi. Mkiteremsha kifaa kwa mkono, subirini namba itulie kabla ya kuandika, na andikeni saa, upepo na hali ya mawingu. Waulizeni pia wavuvi wa vipe, vyombo vya kuvulia dagaa usiku, na mwamkie mzee kabla ya kumtolea daftari: wao hukesha juu ya maji usiku wa giza la mwezi, hushika nyavu zilizotoka chini, na wanajua ni wapi maji hubadilika ghafla na dagaa au migebuka hufuata nini.

Someni sana habari za Forsmark nchini Sweden, ambako maji ya moto ya mtambo yalielekezwa kwenye bwawa la bahari lililozungushiwa ukuta ili watafiti wafuatilie samaki katika maji yaliyoongezeka nyuzi joto kama 10. Ni nadra kupata mahali ambapo athari imewekewa mipaka namna hiyo na kuangaliwa kwa miongo. Afrika hadi sasa ina mtambo mmoja tu wa nyuklia unaouza umeme, Koeberg karibu na Cape Town, unaopozwa kwa maji ya Atlantiki yenye baridi, na Misri inajenga El Dabaa kwenye Mediterania. Hakuna hata mmoja ulio kwenye maji yanayofanana na ziwa la kitropiki lisilo na oksijeni chini.

Mkifika kwenye kibali, kazi ngumu iko kwenye siku za joto kali. Mtambo wa Beznau nchini Uswisi, ulioko kwenye mto Aare, ulizima vinu vyake Julai 2025 mto ulipofikia nyuzi 25. Golfech nchini Ufaransa, ambako kikomo cha mto Garonne ni nyuzi 28, ulikuwa miongoni mwa mitambo iliyoruhusiwa kuvuka masharti yake kwa muda katika kiangazi cha 2022, kwa kuwa nchi ilihitaji umeme. Kwa hiyo, mkiandika maoni yenu juu ya mtambo wowote, dai moja lisikosekane: kibali kitaje kwa majina ya vyeo ni nani anayeamuru mtambo upunguze uzalishaji maji yakifika kikomo, kipimo cha kituo gani ndicho kitakachomwongoza, na ni nani mwingine, ikiwa yupo, anayeweza kumwondolea mtambo sharti hilo na kwa siku ngapi.