Elimu ya Binti Yangu ni Haki au Hisani?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu amechaguliwa kuanza kidato cha kwanza katika shule ya serikali ya kutwa. Siku ya kuripoti tulirudishwa getini kwa sababu sikuwa na rimu ya karatasi wala fedha za mchango wa chakula, na hii ni wiki ya pili yupo nyumbani. Shemeji yangu ananiambia nisilalamike, kwani serikali imeshatufutia ada na mtu anayesaidiwa hapaswi kudai zaidi. Je, elimu ni haki ya mwanangu, au ni hisani tunayofanyiwa?
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Mama, pole sana. Elimu ya binti yako ni haki yake, na kufutwa kwa ada hakukuigeuza kuwa hisani, kwa sababu fedha zinazoendesha shule ile ni kodi ya wananchi, ukiwemo wewe unayekatwa kila unaponunua sabuni.

Hata hivyo, naelewa shemeji yako ameyatoa wapi maneno yake. Katika nchi yetu elimu imekuwa ikija na kuondoka kwa matangazo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, watoto wakaandikishwa kwa wingi; katika miaka ya 1980, uchumi ulipoyumba, ada na michango vikarudi; mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule ya msingi ikafutwa, Januari 2016 ikafuata ya sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ya kidato cha tano na sita. Kitu kinachotolewa, kikachukuliwa, kisha kikatolewa tena, watu hukiona kuwa zawadi ya mtoaji. Hata wasichana waliopata ujauzito wakiwa shuleni walifungiwa mlango kwa miaka mingi, na Novemba 2021 waliporuhusiwa kurejea, wengi wetu tuliipokea habari ile kama msamaha, ilhali wasichana wale walikuwa wanarudishiwa kilicho chao.

Mimi mwenyewe nilisoma katika miaka ya michango. Mwalimu wa darasa aliingia na kaunta buku, akasoma majina ya wasiolipa, nasi tukatoka mmoja mmoja katikati ya somo la hesabu, macho yakiwa chini. Niliondoka siku tulipoanza kujifunza sehemu. Niliporejea baada ya siku nne, wenzangu walikuwa wameshafika kwenye desimali. Sehemu nilikuja kuzielewa nikiwa mtu mzima, na ndiyo maana barua yako imenigusa kuliko nyingi ninazopokea.

Sasa tuitazame sheria. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha, lakini ibara hiyo imewekwa katika sehemu ambayo Ibara ya 7 inaeleza kwamba masharti yake hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Hili kwangu ni pengo kubwa. Wenzetu wa Kenya, katika Ibara ya 53 ya Katiba yao ya mwaka 2010, wameiandika elimu ya msingi ya bure na ya lazima miongoni mwa haki za mtoto ambazo mtu anaweza kuzidai mahakamani, na sioni sababu ya sisi kushindwa kufanya hivyo.

Pamoja na pengo hilo, hukuachwa mikono mitupu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada, na Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ukagawa majukumu: serikali hupeleka ruzuku ya shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, pamoja na fidia ya ada ambayo kwa shule za kutwa ni shilingi 20,000, na mzazi hubaki na sare, madaftari, kalamu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Kwa hiyo, nikueleze kwa haki, shule haikukosea kukuomba mchango wa chakula. Ilikosea kumzuia mtoto getini, kwa sababu kukosa mchango si sababu ya kumnyima mwanafunzi masomo. Deni ni la mzazi, na mzazi huitwa akazungumza.

Ninachokusihi ni usisubiri hadi upate rimu. Kwa wiki za mwanzo, watoto wa kidato cha kwanza waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili huandaliwa kuanza karibu masomo yote kwa Kiingereza, na anayeyakosa maandalizi hayo huketi darasani miezi kadhaa akinakili asichokielewa. Jumatatu mvalishe sare umpeleke, umwombe mkuu wa shule mpange namna ya kulipa kidogo kidogo, na akimkatalia tena, mwombe akuandikie sababu kwa maandishi. Karatasi hiyo ipeleke kwa afisa elimu kata siku hiyohiyo, na usipopata msaada nenda ofisi ya afisa elimu sekondari kwenye halmashauri yenu. Kisha tuandikie tena, utueleze walichokujibu.