Usiuze Prado kwa sababu ya tela

Kaka, umeuliza kama uiboreshe Prado yako ya 1998 yenye injini ya 1KZ au uuze ununue gari jipya, upate kuvuta tela la kupigia kambi kutoka Mbeya hadi hifadhi za Kitulo na Mikumi. Mimi nasema baki nayo, ila anzia kwenye upozaji wa injini. 1KZ inajulikana kwa kupasuka silinda hedi (kichwa cha injini) ikichemka, na siku ukirudi kutoka Mikumi unapanda mlima wa Kitonga na tela mgongoni, saa nane mchana, hapo ndipo itachemka. Rejeta mpya, pampu ya maji, feni, mipira yote ya maji. Badilisha hata kama havivuji.

Kisha breki. Wengi huwaza kupanda tu, wakati hatari kubwa iko kwenye kushuka, tela linapoisukuma gari. Shuka kwa gia ndogo, usikanyage breki muda wote. Tela likizidi kilo 750 na mzigo wake, lifungiwe breki zake lenyewe.

Springi za nyuma ngumu kidogo zinatosha. Matairi makubwa achana nayo, yanakula nguvu, na Kitulo ni zaidi ya mita 2,600, hewa nyepesi.

Gari jipya nunua kama chesisi imeliwa na kutu, au kama kitabu cha gari kinaonyesha uwezo wa kuvuta ulio chini ya uzito wa tela. Uwezo huo springi haziuongezi. Kalipime tela kwenye mizani likiwa na maji na mahema yote, uniambie limefika kilo ngapi.